Kujifunza pikipiki kutoka sifuri mpaka leseni mkononi: anza na klachi na breki, mwendo utakuja wenyewe

Mi ni afisa ugani, kazi yangu ni kuzunguka kwa wakulima, na mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani na mimi nikapata ya kwangu, mpya kabisa, siti bado ina nailoni, afu sijui hata kuiwasha. Baiskeli naijua tangu utoto, pikipiki nilikuwa nimepanda ya kubebwa tu. Leo natoka ofisini asubuhi naenda kijiji cha mwisho kilomita 38 narudi jioni, na kila wiki kuna mtu ananiuliza nilijifunzaje, hasa akina dada, wauguzi wa zahanati na walimu wa shule za huko ndani, na vijana wanaotaka kuingia kwenye boda. Kwaiyo nimeamua niandike yote sehemu moja, nimeandika kwa Tanzania maana ndo ninapoendeshea.

Kwanza nikwambie nilivyoanza vibaya, ili usirudie. Mfanyakazi mwenzangu alinichukua barabara ya nyuma ya ofisi, akakaa nyuma yangu akasema "dada we shika klachi, weka moja, achia, twende, utazoea tu." Nikaachia, pikipiki ikaruka, nikaenda kama mita 30 hivi na moyo uko kooni, mbele kuna mbuzi, na hapo ndo nikagundua hakuna aliyeniambia kusimama kunafanywaje. Nikakamata breki ya mkono yote kwa mara moja, chini kuna changarawe, tairi la mbele likaserereka, tukalala upande wa kulia wote wawili, mguu wangu ukabaki chini ya ekzosi. Ukienda na mimi sokoni leo nitakuonyesha alama kwenye shavu la mguu, iko pale. Mwenzangu hakuwa na nia mbaya, ndivyo na yeye alivyofundishwa, na ndivyo karibu kila mtu mtaani anavyofundishwa: dakika 20 za kuondoka, na kusimama utajijua mwenyewe. Mimi nasema mtu aliyefundishwa kuondoka kabla ya kusimama hajafundishwa bado, na maelezo yangu yote humu yanafuata mpango huo, breki kabla ya mwendo, taratibu kabla ya haraka.

Kabla hujagusa pikipiki tafuta vitu vya kuvaa. Helmeti ndo ya kwanza na usinunue zile kama kofia za ujenzi wanazouza barabarani kwa bei ya kutupa, ile ni ya kumfurahisha trafiki, kichwa chako haikisaidii chochote. Helmeti nzuri ukiivaa inabana mashavu kidogo, ukitikisa kichwa inaenda na kichwa, haichezi, na mkanda wa kidevuni unafungwa vidole viwili tu ndo vipite chini yake. Helmeti isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ukitaka kuelewa hizo namba bila kusoma tafiti nenda siku moja kamuone mgonjwa pale MOI Muhimbili, hospitali ya mifupa Dar es Salaam, angalia vijana waliolala wodini uwaulize walikuwa wamevaa nini kichwani. Helmeti ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, hata kama haina ufa, nunua nyingine, ile sponji ya ndani imeshafanya kazi yake.

Viatu vya kufunga vinavyopanda juu ya kifundo, wengi huku kwetu tunavaa gambuti kipindi cha masika na ni sawa kabisa. Ndala hapana. Jinzi au suruali nzito, akina dada suruali ndani hata kama unavaa sketi juu, na khanga au mtandio usiachie unaning'inia karibu na gurudumu la nyuma, cheni na spoku zinavuta kitambaa kabla hujapata muda wa kupiga kelele. Glavu hata zile za bei ndogo, maana ukianguka kitu cha kwanza kinachofika chini ni viganja.

Jambo la pili kabla ya kugusa pikipiki ni lena, yani ile leseni ya kujifunzia. Wengi wanaiacha mpaka mwisho, wanajifunza miezi wakiwa hawana karatasi yoyote, afu siku wakigongana na mtu barabarani wanakuta hawana pa kusimama, wala bima haitawaelewa. Umri ni kuanzia miaka 18. Lena sio leseni kamili, ni ya muda, inakuruhusu kujifunza ukiwa na mwalimu na kile kibao cha herufi L nyekundu, basi. Nitarudi kwenye mambo ya leseni huko chini, sasa hivi twende uwanjani.

Tafuta uwanja wa mpira wenye ardhi ngumu, asubuhi kabla watoto hawajaja au jioni wakishaondoka. Usijifunzie barabarani, hata barabara ya mtaa, maana akili yako bado inatafuta mguu upi ni breki na hapo hapo unataka ikwepe mtoto, haiwezi vyote. Na tafuta mwalimu ambaye hatakaa nyuma yako. Mtu mzito nyuma anabadilisha uzito wote wa pikipiki, wewe mwanzoni unatakiwa uwe peke yako, yeye anatembea pembeni.

Baada ya ile ajali nilienda chuo cha udereva, na siku ya kwanza mwalimu wangu wa chuo hakuwasha pikipiki kabisa na mwanzoni niliona ananipotezea muda. Aliniambia "dada leo utaisukuma." Nikaisukuma kuzunguka uwanja, natembea upande wake wa kushoto, mikono miwili kwenye usukani, nikiinamisha kidogo nasikia uzito unavyotaka kuondoka, nikiirudisha nasikia unavyotulia. Kupanda ni upande wa kushoto, stendi ndogo iko huko na ekzosi iko kulia, shavu la mguu wangu linalijua hilo. Nikajifunza kuiweka stendi ndogo, afu stendi kubwa, ambayo haihitaji nguvu za mikono, unakanyaga stendi kwa mguu mpaka miguu yake yote miwili iguse chini afu unabonyeza kwa uzito wako huku unavuta kile kishikio cha nyuma, inapanda yenyewe. Na nikajifunza kuiinua ikiwa imelala: zima swichi kwanza, geuza usukani, igeuzie mgongo, chuchumaa, shika usukani na fremu, afu inuka kwa miguu huku unarudi kinyumenyume. Mi nina kilo 58 na nainua pikipiki ya sisi 125 (ndo ukubwa wa injini) peke yangu. Jifunze hili mapema, maana barabara ya porini haina wa kukuinulia.

Afu ukae juu, injini bado imezimwa, ujue vitu vilipo mpaka uweze kuvigusa umefumba macho. Mkono wa kushoto klachi. Mkono wa kulia resi, yani ile ya kuongeza mwendo, na breki ya mbele. Mguu wa kushoto gia. Mguu wa kulia breki ya nyuma. Indiketa, honi na taa ziko upande wa kushoto, stata mara nyingi kulia, kiki iko chini kulia. Mwalimu anataja, wewe unagusa, anataja haraka haraka, mpaka usifikirie. Gia sasa hapo uulize mwenye pikipiki au uangalie mchoro, kwa sababu hazifanani: kuna zenye gia zote za kukanyaga mbele, na kuna ambazo namba moja inakanyagwa chini zinazobaki zinainuliwa juu, na nyutro, yani hakuna gia iliyoingia, iko katikati ya moja na mbili. Aliyejifunzia aina moja akipewa nyingine bila kuambiwa anaweza kurudisha gia badala ya kupandisha na tairi la nyuma likakamata ghafla, nimeona kwa macho yangu.

Sasa klachi. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ukielewa klachi umeelewa nusu ya pikipiki. Klachi ikiwa imebanwa yote, injini na gurudumu havijuani, injini inaweza kulia itakavyo pikipiki haiendi. Ikiwa imeachiwa yote, vimeshikana kabisa. Katikati hapo kuna sehemu ndogo sana, kama upana wa kidole, ambapo inaanza kushika lakini bado inateleza. Watu wa boda wanaiita nusu klachi. Zoezi langu lilikuwa hivi: washa, bana klachi, weka namba moja, usiguse resi kabisa, miguu yote chini, afu achia klachi polepole kama unamwachia kifaranga asikimbie. Utasikia injini imebadilika sauti, inakuwa nzito kidogo, na pikipiki inataka kwenda. Simamisha vidole hapo hapo. Pikipiki inasogea hatua moja, bana tena, inasimama. Achia, inasogea, bana, inasimama. Nilifanya hivyo uwanja mzima kutoka goli hadi goli, natembea na miguu chini kama bata, saa nzima, vidole vikauma mpaka usiku. Kesho yake nikawa siruki tena na injini hainizimikii. Ukizimikiwa usione aibu, bana klachi, rudisha nyutro, washa tena. Na kitu kimoja ukikumbuke hata kama utasahau vingine vyote: ukichanganyikiwa, bana klachi. Pikipiki ikikuruka, ikikuvuta, ukiona unaenda kwenye ukuta, bana klachi yote na achia resi, nguvu inakatika hapo hapo. Mi mwenyewe siku ile ya mbuzi ningelijua hilo tu nisingeanguka.

Baada ya hapo ndo breki, na hii ndo sehemu ambayo mtaani hawafundishi kabisa au wanafundisha uongo. Utaambiwa "usiguse breki ya mbele, itakurusha." Matokeo yake kuna waendeshaji wa miaka kumi wanaotumia mguu peke yake. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi wa pikipiki na wako unakimbilia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na linapata mshiko, la nyuma linakuwa jepesi. Kwaiyo nguvu kubwa ya kusimama, zaidi ya nusu, iko mbele. Ukitumia ya nyuma tu unaenda mbali sana kabla hujasimama na mara nyingi tairi la nyuma linakamata linaanza kucheza kama mkia. Kinachorusha watu ni kukamata breki ya mbele ghafla kama mimi nilivyofanya, au kuikamata usukani ukiwa umekata kona. Dawa yake ni kukamua. Kamua kama unakamua chungwa, laini kwanza, uzito ukishaenda mbele ndo unaongeza nguvu, na mguu wa kulia unakanyaga pamoja nayo, usukani umenyooka, macho mbele yasiangalie tairi.

Zoezi: weka kandambili mbili chini kama mstari. Njoo na namba moja mwendo wa mtu anayekimbia, ukifika kwenye mstari anza kukamua na kukanyaga, klachi bana mwishoni usizimike, simama, mguu wa kushoto chini. Rudia mara 20. Afu kesho yake njoo na namba mbili, kama spidi 20. Afu 30. Utaona mwenyewe umbali wa kusimama hauongezeki kidogo kidogo, spidi ikizidi mara mbili breki zinahitaji umbali mara nne. Na hapo hujahesabu ule muda wa akili kushtuka: kwenye spidi 40 unakula mita 11 kila sekunde, kwaiyo ukichelewa sekunde moja tu umeshapita urefu wa basi dogo na breki hata hujaigusa. Ndo maana siku hizi nikipita karibu na shule vidole viwili viko tayari juu ya breki hata kama sioni mtoto.

Kwenye changarawe, mchanga na tope mpango unabadilika kidogo, hapo ya nyuma inabeba zaidi na ya mbele unaigusa kwa vidole viwili vyepesi, na kubwa kuliko yote unapunguza mwendo kabla hujafika, ukiwa bado kwenye ardhi nzuri. Huku kwetu kuna ule udongo mweusi, mvua ikinyesha unaganda kwenye matairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka chini ya madigadi. Hapo hakuna ufundi, unashuka unachukua kijiti unachokonoa. Mchanga mwingi nao usiogope ukaanza kufunga breki katikati, shika usukani bila kuukaza, gia ndogo, resi kidogo isiyokatika, uiache icheze cheze chini yako itanyooka.

Kukata kona kwa mwendo mdogo ndo mtihani wa kweli wa mwanafunzi, na ndo unaoangusha wengi siku ya mtahini. Namba nane, yani kuzunguka kwa mchoro wa 8. Weka chupa mbili za maji zenye mchanga, umbali kama hatua 8, uzizunguke bila kuweka mguu chini. Siri zake ni tatu na zinafanya kazi pamoja: nusu klachi, breki ya mguu imekanyagwa kidogo tu muda wote ili pikipiki itulie, na macho. Macho ndo yanaendesha. Ukiangalia chupa utaigonga, ukigeuza kichwa ukaangalia unakotaka kutokea pikipiki inakwenda huko. Mwalimu wangu alikuwa anasimama upande wa pili ananiambia "niangalie mimi usoni, achana na chupa," na kila nilipomwangalia nilipita, kila nilipoiba jicho kwenye chupa nikaikanyaga. Siku nne zilinichukua namba nane peke yake. Breki ya mbele usiiguse hapo, usukani umekatwa na mwendo ni mdogo, utalala.

Gia sitaongea sana, ukishajua klachi gia ni rahisi: achia resi, bana klachi, pandisha, achia klachi laini, rudisha resi. Sikiliza injini, ikilia sana inaomba gia ya juu, ikianza kugugumia na kutetemeka inaomba ushuke. Kushuka shuka moja moja. Kwenye mlima mkali shuka gia ukiwa chini, usisubiri ikuzimikie katikati. Kuondoka mlimani unashikilia kwa breki ya mguu, unaleta klachi mpaka isikike inashika, unaongeza resi, ndo unaachia breki, haitarudi nyuma. Kushuka mlima mrefu usiweke nyutro eti kubana matumizi ya mafuta, acha injini ikushikilie kwa gia namba mbili au tatu, breki zikichemka zinakuacha.

Ukiweza yote hayo uwanjani, yani kusimama kwenye mstari bila kuserereka, namba nane bila mguu chini, kuondoka mlimani, ndo utoke barabarani, Jumapili asubuhi, na mwalimu wako kwenye pikipiki nyingine nyuma. Kushoto siku zote. Kaa sehemu dereva wa mbele anaweza kuona sura yako kwenye saitmira yake, maana wewe usipomwona na yeye hakuoni. Usijipenyeze kushoto mwa lori linalokata kona kushoto, hapo hata ukipiga honi hakusikii, tairi za nyuma zinakata kona kwa ndani zaidi kuliko za mbele na ndo zinazokandamiza watu. Kwenye kipilefti unampisha anayetokea kulia kwako ambaye yuko ndani tayari. Zebra unasimama, hata kama daladala nyuma yako inapiga honi. Kabla ya kuhama upande, saitmira, afu geuza kichwa kidogo uangalie begani, afu indiketa, na ukimaliza uzime indiketa maana kwenye pikipiki nyingi haizimi yenyewe, na indiketa iliyosahaulika inamwambia mtu mwingine uongo. Basi la mkoani likikupita kwenye lami kuna upepo unakusukuma nje kwanza afu unakuvuta kuelekea kwake, shika usukani, legeza mabega, usifunge breki. Na taa ya mbele washa hata mchana.

Haya, leseni. Njia yenyewe ni hii: una lena, unasoma kwenye chuo cha udereva kilichosajiliwa, iwe VETA (chuo cha ufundi cha serikali) au chuo binafsi, ukimaliza wanakupa cheti, unaenda kwa askari wa usalama barabarani kufanya mtihani wa maswali na wa kuendesha, ukifaulu unapewa hati ya kufaulu, afu TRA, mamlaka ya mapato, wanakutolea leseni. Unahitaji kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), vyeti vyako vya chuo na vya polisi, na utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Macho pia yanapimwa, kama unatumia miwani nenda nayo. Malipo unafanya kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, sio mkononi kwa mtu. Ada zinabadilikabadilika kwenye bajeti za kila Juni kwaiyo usitembee na bei uliyoambiwa na rafiki yako wa mwaka juzi, waulize TRA wenyewe kabla hujatoka nyumbani. Leseni inadumu miaka 5.

Angalia daraja. Pikipiki ziko kwenye daraja A, na ndani yake kuna vipengele kufuatana na ukubwa wa injini na idadi ya magurudumu, kwaiyo uwaambie mapema unaendesha nini, kama ni bajaji au pikipiki ya kawaida. Na kama tayari una leseni ya gari daraja D, haikuruhusu pikipiki, wengi wanadhani inaruhusu. Ukitaka kubeba abiria kwa biashara hapo kuna kibali kingine cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima iwe ya pikipiki ya biashara, usiendeshe boda kwa bima ya matumizi binafsi.

Mtihani wa maswali ni alama za barabarani na sheria. Usikariri picha moja moja, elewa maumbo: pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya kuna kitu mbele, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru. Ukijua hivyo hata alama ambayo hujawahi kuiona unaanza kuielewa. Soma kuhusu kupishana, kuegesha, mistari ya katikati ya barabara, na spidi 50 kwenye makazi. Wa kuendesha, kwetu ilikuwa kukagua pikipiki, kuondoka, kupita kwenye koni, namba nane, kusimama kwenye mstari, afu barabarani kidogo mtahini akiangalia indiketa na saitmira. Mi nilifeli mara ya kwanza, niliweka mguu chini kwenye namba nane mara mbili. Nilirudi uwanjani wiki mbili nikarudia, nikafaulu. Wiki mbili zile ndo zilizonifundisha zaidi.

Kuna mtu atakuja kukwambia "dada usihangaike, nipe hela leseni utaikuta mezani." Alinijia na mimi, siku ile ile niliyofeli, nje ya geti. Nakuomba kwa moyo wote usikubali. Faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji ilishushwa mwaka 2021 kutoka elfu 30 hadi elfu 10, kwaiyo wengine wanapiga hesabu wanaona bora walipe faini kuliko kusoma. Ila wanahesabu karatasi tu. Kinachouzwa pale mezani hakina zile siku nne za namba nane, wala zile mara 20 za kusimama kwenye kandambili, na mbuzi akikatiza hatakuuliza leseni. Nina wadogo zangu wawili wanaendesha boda, wote niliwalazimisha kupita chuoni, mmoja alininunia mwezi mzima.

Ukishaipata, ukague pikipiki kila asubuhi kabla ya kuwasha, dakika tatu tu: bonyeza matairi na uangalie kama kuna msumari, breki zote mbili zikamate, cheni icheze kidogo isiwe imekaza wala kulegea kama kamba ya mbuzi, oili iwe kwenye kiwango, taa na indiketa ziwake. Mi oili namwaga kila kilomita 1,500 kwa sababu ya vumbi la huku, we fuata kitabu cha pikipiki yako na fundi unayemwamini.

Na miezi mitatu ya mwanzo usipakie mtu, hata mtoto wako, hata kama ni karibu. Uzito wa nyuma unafanya tairi la mbele kuwa jepesi, breki zinachelewa, kona zinataka kukurudisha nje. Ukifika wakati wa kupakia, anza na mtu mzima aliyezoea kupanda, kwenye uwanja ule ule, mfanye naye kusimama kwenye mstari upya. Mpe helmeti yake. Mwambie apande kutoka kushoto wewe ukiwa umeshaweka miguu yote chini na umebana breki, aweke miguu yake kwenye vile vikanyagio, aibakize hapo hata mkisimama, akushike kiunoni, na mkikata kona asijipinde upande wa pili kwa woga, alale na wewe. Mtu wa kwanza kumpakia mimi alikuwa mama yangu mzazi, nilimpeleka kliniki ya presha, na kabla ya kuondoka alinishika kiuno akaniuliza "mwanangu, breki umeangalia?" Nilikuwa nimeangalia.